Valvu ya geti ya inchi 6, kutoka kwenye paterni hadi meza ya presha

Valvu ya geti ya inchi 6 ina uzito wa karibu kilo 80, na katika kilo zote hizo kinachozuia maji ni mikanda miwili ya chuma isiyofikia upana wa kidole. Bodi nene, bolti, stemu (fimbo inayoinua na kushusha kabari) na usukani vipo ili mikanda iliyo kwenye kabari, yaani geti lenyewe, ikutane sawasawa na mingine miwili iliyo ndani ya bodi. Nimekaa karakana miaka mingi nikizikereza na kuzisaga, na zile zinazorudi kwa kuvuja nikizifuatilia naishia pale pale: pembe ya nyuzi 5 haikukatwa sawa, au kabari ilikaa chini mno. Mwongozo huu utakawia hapo. Rangi itapata sentensi moja.

Mfano wetu ni mmoja: inchi 6 (DN 150), daraja la 150, bodi ya stili ya kusubu aina ya WCB, boneti (kifuniko cha juu) ya bolti, stemu inayopanda ikiwa na hesi zake nje. Ndiyo utakayoikuta kwenye bohari za mafuta, vyumba vya boila na viwanda vya sukari. Ile ndogo ya shaba anayoifunga fundi bomba nyumbani ni ndugu yake, lakini malezi yao ni tofauti.

Muulize mteja kabla ya kushika penseli

Valvu ya geti ni ya kufungua kabisa au kufunga kabisa. Ikiwa wazi, kabari yote imepanda ndani ya boneti na njia inabaki kama bomba tupu. Ukiiacha nusu ili upunguze maji, mkondo unapita kwa kasi chini ya kabari, kabari inagongagonga kwenye reli zake, na mkanda wa chini unaliwa. Baada ya muda mfupi unaifunga na haifungi. Mteja akisema anataka kupunguza na kuongeza, mpeleke kwenye valvu ya globu na umalize mazungumzo.

Akisema ni ya kufunga na kufungua, mwulize kinachopita ndani, presha, joto, na ni mara ngapi itafungwa kwa mwaka. Joto ndilo linalosahaulika. Namba 150 si baa, wala si kikomo cha presha kwa pauni kama wengi wanavyoisoma. Kwa jedwali la B16.34 la ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, WCB ya daraja hilo inabeba baa 19.6 ikiwa baridi (hadi sentigredi 38), baa 13.8 kwenye sentigredi 200, na baa 6.5 tu kwenye 400. Stili hii haifai kukaa muda mrefu juu ya sentigredi 425, kwa sababu kaboni yake hugeuka grafiti na chuma kinakuwa dhaifu. Bomba la mvuke wa baa 15 kwenye sentigredi 250 si kazi ya daraja la 150, hata kama valvu ya maji ya presha hiyo hiyo ingekaa bila wasiwasi.

Mchoro na hesabu

Vipimo vya nje huvibuni. Valvu lazima iingie pale ilipotoka nyingine, kwa hiyo urefu kutoka uso wa flenji hadi uso wa flenji ni milimita 267 (ASME B16.10), kipenyo cha flenji ni milimita 280, matundu 8 ya milimita 22 kwenye duara la milimita 241.3 (ASME B16.5). Ukikosea milimita 3 hapo, fundi wa huko atalazimisha bomba kwa wenchi, na lawama zitakufikia wewe.

Unene wa ukuta wa bodi una somo. Kanuni ya B16.34 kwa kipenyo hiki inatoa milimita 7 na kidogo. API 600, kiwango cha valvu za geti za stili kwa mafuta na petrokemikali, kinadai 11.9. Hiyo ziada haipo kwa ajili ya presha. Ni akiba ya kutu, ya mchanga unaosugua, na ya fundi anayevuta flenji mbili zisizolingana. Watengenezaji wa bei rahisi wanachonga pesa hapo hapo, na ukiwa na kipimo cha unene cha mawimbi ya sauti unawagundua kwa dakika tano.

Sasa nguvu. Chukua kipenyo cha katikati cha mkanda wa kiti kuwa milimita 160. Eneo lake ni sentimita za mraba 201. Presha ya baa 20 inaikandamiza kabari upande mmoja kwa kilonyutoni 40, yaani kama tani nne zimeiegemea. Kuiburuta kabari iliyoegemewa hivyo, kwa msuguano wa 0.3, kunataka kilonyutoni 12. Ongeza presha inayoisukuma stemu yenyewe nje (kilonyutoni 1.2 kwa stemu ya milimita 28) na mkabo wa pakini (pete laini zinazozuia maji yasitoke kando ya stemu), unafika kama 14.

Kwa hesi za trapezi za hatua ya milimita 5, nguvu hiyo inataka msokoto wa nyutonimita 39 kwenye hesi. Halafu kuna bega la nati ya stemu linalosuguana na yoki, fremu iliyo juu ya boneti: hilo peke yake linakula kama nyutonimita 47. Jumla 86, na kwa usukani wa milimita 350 unaoshikwa kwa mikono miwili, kila mkono unabeba kama kilo 25. Opereta wa kawaida anaweza. Lakini tazama jasho lake linaenda wapi: zaidi ya nusu linaishia kwenye bega la nati. Ndiyo maana sehemu ile inawekewa nipeli ya grisi, na ndiyo maana valvu isiyopakwa grisi huishia kufungwa kwa kipande cha bomba kilichochomekwa kwenye usukani.

Bomba hilo la kuongezea nguvu lifikirie ukiwa bado kwenye mchoro, maana litakuja tu. API 600 inataka kiungo cha stemu na kabari kiwe na nguvu kuliko stemu yenyewe pale hesi zinapoanzia. Mtu akizidisha nguvu, stemu ikatike nje, mbele ya macho yake. Ikikatikia ndani, usukani utazunguka vizuri, stemu itapanda vizuri, na kabari itabaki imefunga chini bila mtu kujua.

Paterni, kiini na kusubu

Stili ikipoa hunywea kama asilimia 2, kasti (chuma cha kusubu chenye kaboni nyingi) asilimia 1. Fundi wa paterni, mfano wa mbao unaoacha umbo kwenye mchanga, ana rula yake ambayo milimita zake zimerefushwa tayari, na rula ya kasti si rula ya stili. Flenji ya milimita 280 huchongwa kwenye mbao kama 286, kisha unaongeza milimita 3 hadi 5 kila uso utakaokerezwa. Pande zinazosimama wima zipe mwinamo kidogo ili paterni itoke bila kubomoa mchanga.

Tundu la ndani linatokana na kiini cha mchanga uliogandishwa, na kiini ndicho kinachosumbua. Kina umbo la msalaba: njia ya maji kulala, shimo la boneti kusimama. Kikisogea milimita 3 wakati wa kumimina, ukuta mmoja unakuwa 15 na wa pili 9, na kwa nje huoni kitu. Kishikilie vizuri kwenye ncha zake zote, na kiwe na matundu ya kupumulia, kwa sababu gundi inayoungua hutoa gesi, na gesi isiyopata njia hutokea ndani ya chuma chako kama mapovu.

Stili humiminwa ikiwa karibu sentigredi 1,580. Sehemu nene, yaani flenji tatu na maungio ya shingo, hupoa mwisho, na zikipoa majirani wameshaganda na hawawezi kuzilisha chuma. Juu yake weka raiza, vile vyungu vya akiba vinavyobaki na chuma kioevu hadi mwisho ili vilishe kinachonywea. Raiza ndogo ni uchumi wa uongo: utapata shimo la mnyweo ndani ya shingo, na utaligundua kwenye presha, baada ya kulipia kazi yote ya mashine.

Kutoka kwenye mmiminiko huo huo subu vipande vya majaribio. WCB inatakiwa kuwa na kaboni isiyozidi asilimia 0.30, kuvutika kwa megapaskali 485 hadi 655 kabla ya kukatika, na kuanza kurefuka bila kurudi si chini ya 250. Namba ya mmiminiko igongwe kwenye bodi. Baada ya kukata raiza, bodi irudi tanurini hadi karibu sentigredi 900 na ipoe hewani, kisha ipigwe shoti na ikaguliwe kwa unga wa sumaku pale shingo inapokutana na njia. Ufa ukionekana, uchimbwe mpaka uishe, uchomelewe, na bodi ipate joto tena. Hayo yote yafanyike kabla ya kukereza chochote.

Nyuzi 5

Kabari ya pande mbili si jambo jipya. Mhandisi Mskoti James Nasmyth, yule yule wa nyundo ya mvuke, alibuni moja mwaka 1839 kwa mabomba makuu ya maji. Ujanja wake ndio tunaoutumia leo: kila uso wa kabari umeinama nyuzi 5 kutoka wima, jumla nyuzi 10, ili kushuka kwake kujigeuze kuwa mkandamizo wa kando.

Anza na pete za viti. Tunachukua pete ya stili na kuifunika uso kwa tabaka la Stellite, aloi ya kobalti na kromi, linalobaki na unene usiopungua milimita 1.6 baada ya kukerezwa. Ipashe pete kwanza, uichomelee, kisha uizike kwenye chokaa kavu ipoe polepole. Ukiharakisha, tabaka linapasuka kwa mlio mdogo ambao fundi akishausikia hausahau. Kabari nayo inapata tabaka la chuma cha kromi asilimia 13. Vyuma viwili vinavyofanana na vyenye ugumu mmoja vikisuguana vikavu hung'ang'aniana na kuchunana. Kwa hiyo ukitumia kromi 13 pande zote mbili, hakikisha ugumu unapishana kwa Brinell 50 au zaidi. Stellite kwa kromi 13 haina shida hiyo, ndiyo chaguo langu kwa mafuta na mvuke.

Pete huchomelewa ndani ya bodi, na kuchomelea kunapinda. Usiingize pete iliyokwisha sagwa ukadhani itabaki vile. Chomelea kwanza, kata uso wa mwisho baadaye.

Bodi ifunge kwenye jigi (kishikio cha kazi kwenye mashine) iliyoinama nyuzi 5. Kata kiti cha kwanza. Halafu, bila kulegeza bolti hata moja inayoishika bodi, zungusha jigi nyuzi 180 na ukate cha pili. Ukiitoa bodi na kuifunga upya katikati ya kazi, viti viwili havitakuwa na mstari mmoja wa katikati tena, na hakuna kabari duniani itakayoviridhisha vyote.

Kabari nayo kereza kwa mtindo huo huo, lakini iache nene kidogo. Hapa ndipo hesabu ndogo inapotawala kazi nzima. Kwa pembe ya nyuzi 5, ukiondoa milimita 0.1 kwenye kila uso wa kabari, kabari inashuka milimita 1.15. API 600 inataka valvu mpya ya ukubwa huu iwe na nafasi ya kushuka kwa uchakavu ya milimita 3.3, yaani kabari ikae juu kiasi hicho na bado mikanda ikutane kikamilifu. Milimita 3.3 gawanya kwa 1.15, zidisha kwa 0.1: umebakiwa na chini ya milimita 0.3 kila uso kwa maisha yote ya valvu. Kijana mwenye haraka na msasa mkali anaweza kuitumia yote asubuhi moja kabla valvu haijatoka karakana.

Kwa hiyo kazi inakwenda hivi. Paka uso wa kabari rangi ya bluu ya mafundi, safu nyembamba mno, kiasi cha kuona chuma chini yake. Ishushe kwa mkono, igonge kidogo kwa nyundo ya mbao, itoe. Tazama viti. Unatafuta pete ya bluu isiyokatika, hata ikiwa nyembamba. Bluu ikiwa juu tu, pembe ya kabari ni kubwa kuliko ya viti. Ikiwa chini tu, ni ndogo. Kushoto kuzuri na kulia kubovu ni dalili ya jigi. Kabla ya kugusa chochote pima kabari imekaa wapi, andika, ndipo usage kwenye bamba la kasti lenye dawa ya kusagia, mkono ukienda kwa umbo la nane. Mizunguko michache, osha kwa mafuta ya taa, bluu tena. Usisage kabari na kiti moja kwa moja kwa kusuguana. Utapata mfereji unaolingana mahali pamoja tu, na kabari haifiki mahali pamoja kila siku.

Kuhusu kabari yenyewe, nzima ni imara lakini haisameheani na joto. Ukiifunga bodi ikiwa ya moto, bodi ikapoa na kubana, asubuhi usukani hautikisiki. Kwa mvuke tumia kabari yenye mfereji mpana katikati unaoziacha nyuso mbili zijikunje kidogo.

Stemu, na kosa langu

Stemu ni ya kromi asilimia 13, kichwa chake umbo la T kinachoingia kwenye mfereji wa juu wa kabari kwa ulegevu wa makusudi, ili kabari ijitafutie kiti chake badala ya kulazimishwa na stemu. Uso unaopita kwenye pakini ung'arishwe mpaka kucha isishike kitu.

Hesi zake ni za kushoto. Nilipokuwa mwanagenzi nilipewa stemu nne za kukereza, nikazikata kulia, kwa uzuri kabisa, hesi zinateleza kama siagi. Mzee wangu alizitazama akaniambia nikaunganishe moja. Nikageuza usukani kwenda kulia, kama dunia nzima inavyofunga, na stemu ikapanda. Kwenye valvu hii nati ndiyo inayozunguka na stemu imesimama. Nati ya hesi za kulia ikizungushwa kulia inaipandisha stemu. Ili kulia kuwe kufunga, hesi lazima ziwe za kushoto. Stemu nne zilikwenda kwenye chakavu, na mshahara wangu wa wiki mbili ulikwenda nazo.

Nati ya stemu iwe ya bronzi au kasti yenye nikeli nyingi. Isiwe ya shaba laini inayoyeyuka mapema, kwa sababu moto ukizuka valvu hiyo ndiyo utakayokimbilia kuifunga.

Kuunganisha

Osha kila kitu, hasa shimo la chini kati ya viti ambako chipsi hujificha. Gasketi ya ond yenye grafiti haitumiki mara mbili. Bolti za boneti ni B7 na nati 2H, madaraja ya stili imara. Kaza kwa msalaba, duru tatu, kabari ikiwa imeinuliwa kidogo ili isiizuie boneti kukaa. Pete za pakini kata kwa mshazari wa nyuzi 45 na uzipishanishe maungio. Kaza glandi, kibanio cha pakini, kiasi. Itakazwa tena kwenye presha.

Meza ya presha

Hapa tunafuata API 598, kiwango cha majaribio ya valvu, na valvu ikiwa bado haijapakwa rangi, kwa sababu rangi huziba vitundu kwa muda. Jaza maji kutoka chini, toa hewa yote juu. Kwa jaribio la bodi usitumie hewa: maji yakipasua chuma yanalowesha viatu, hewa inarusha vipande.

Bodi kwanza, kabari ikiwa nusu wazi, baa 30 kwa sekunde 60. Tone moja kupitia ukuta ni kushindwa. Kisha fungua hadi mwisho ili bega la stemu likae kwenye kiti chake cha nyuma ndani ya boneti, legeza glandi, na ujaribu hapo. Halafu viti: funga kwa nguvu ya mikono miwili bila bomba, baa 4 hadi 7 za hewa upande mmoja, pima upande wa pili, geuza. Kwa ukubwa huu viti vya chuma kwa chuma vinaruhusiwa mapovu 24 kwa dakika. Kwa maji ya baa 22, ukichagua kuyajaribu pia, ni matone 12. Mimi sitoi valvu mpya inayotoa zaidi ya robo ya hapo.

Angalia meza yako pia. Ile inayobana valvu kwa haidroliki kutoka uso hadi uso inaweza kuikandamiza bodi mpaka viti vikumbatie kabari, ipite vizuri, kisha ivuje siku inapofungwa kwenye bomba. Funga kwa bolti za flenji.

Ikipita, mwaga maji, kausha kwa hewa, grisi kwenye hesi, rangi, vifuniko vya flenji, na iondoke ikiwa imefungwa ili nyuso zilindane. Kabla haijaondoka, pima stemu iliyobaki juu ya nati kabari ikiwa imekaa, na uigonge namba hiyo kwenye kibati kilicho chini ya usukani. Miaka kumi baadaye fundi mwingine ataifungua, atapima tena, na atajua bila kubahatisha kama bado kuna milimita za kusaga au ni wakati wa kabari mpya.